Rikugien au Hamarikyu? Bustani ya kuchagua ukiwa na nusu siku Tokyo

Wageni wangu wengi hapa Tokyo hufanana. Mtu amekuja kwa mafunzo ya wiki mbili au tatu, asubuhi mpaka jioni yuko darasani, na siku moja kabla ya kupanda ndege anapata nusu siku ya kwake. Maghorofa ameyaona, treni amezipanda mpaka amezizoea, zawadi za watoto ameshanunua. Sasa anataka kuiona ile Japani aliyokuwa akiiwazia kabla hajaja. Mimi humwambia aende bustanini, na swali linalofuata ni lilelile: bustani ipi?

Jiji la Tokyo linatunza bustani tisa za kale zilizo wazi kwa kila mtu. Zote nimeingia, baadhi mara nyingi kiasi cha kujua benchi lipi linapata jua la asubuhi. Kwa mtu mwenye nusu siku, naona ushindani wa kweli uko kati ya mbili: Hamarikyu, iliyopo pale mto Sumida unapoingia Ghuba ya Tokyo, na Rikugien, iliyopo Komagome, kaskazini mwa jiji. Nyingine mbili, Koishikawa Korakuen na Kiyosumi, nitazigusa baadaye, maana wapo watu zitakaowafaa kuliko hizi.

Nitoe jibu langu mapema ili asiye na muda aondoke nalo. Kama hujawahi kuingia bustani ya Kijapani, nenda Rikugien. Kama umezaliwa pwani, au unaandamana na mzazi aliyezaliwa pwani, nenda Hamarikyu, tena ujue saa za maji kabla hujatoka hotelini. Bustani zote mbili zilijengwa na watu waliokuwa wakiiwaza bahari. Hamarikyu inayo bahari yenyewe ndani ya uzio. Rikugien inayo bahari ya kwenye mashairi, na mpaka uambiwe unaweza kuizunguka nzima usiione.

Yasiyokusaidia kuchagua

Gharama ni ileile. Kiingilio ni yeni 300 kote kuwili, waliotimiza miaka 65 hulipa 150, na watoto wa shule ya msingi na wadogo zao hawalipi. Milango hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, lakini baada ya saa kumi na nusu huingii tena. Zote hufungwa kuanzia tarehe 29 Desemba mpaka 1 Januari. Tarehe 4 Mei na 1 Oktoba kiingilio ni bure.

Pia zote mbili ni bustani za kutembea, na hapa ndipo wageni wengi hupoteza nusu siku yao. Mtu wa kwetu ukimwambia bustani, anawaza maua na majani ya kukalia, au anawaza Forodhani kule Unguja: moshi wa mishikaki, watoto wanajirusha baharini, watu wamejaa. Basi anaingia Rikugien, anatafuta mahali pazuri, anapiga picha, anakaa, anasubiri kitu kitokee. Hakitokei kitu. Bustani za mabwana wa enzi ya Edo, yaani karne ya 17 mpaka ya 19, zilipangwa ili zizungukwe kwa miguu: bwawa katikati, njia pembeni, na kila baada ya hatua kadhaa sura inageuka. Wajapani wana neno lake, miegakure, yaani kuonekana na kufichika. Njia inapinda nyuma ya kilima, bwawa linapotea, unasikia maji tu. Ukitokeza upande wa pili, kisiwa kiko mbele yako kwa umbo ambalo hukuliona ulipoanza.

Chunguza mawe ya kukanyagia. Ni madogo, hayalingani, yamepangwa kwa kupishana, kwa hiyo huna budi kuangalia miguu yako. Kisha unafika kwenye jiwe moja kubwa, bapa, linalotosha nyayo zote mbili. Unasimama, unainua kichwa. Hapo ndipo mpangaji alipotaka uinue kichwa. Mtu aliyefariki miaka 300 iliyopita amekushika kidevu kwa upole, akakugeuza uso.

Na ukikuta katikati ya njia jiwe la ukubwa wa embe, limefungwa kamba nyeusi kwa kupishanisha kama kifurushi, usilivuke. Hutaona kibao wala mlinzi. Maana yake ni kwamba umepiga hodi na hukukaribishwa, na kila Mjapani anayepita analielewa.

Hamarikyu: maji yanayopumua

Hamarikyu ni kubwa, karibu hekta 25, mara tatu hivi ya Rikugien. Palikuwa ufuko wa matete ambako mashogun, watawala wa kijeshi wa Japani, walikuja kuwinda kwa kipanga. Mwaka 1654 Matsudaira Tsunashige, mdogo wake shogun wa nne, alijaza kifusi kwenye maji machache akajenga makazi yake. Mwanawe alikuja kuwa shogun wa sita, na eneo likawa la ukoo wa mashogun. Utawala wao ulipoanguka likaenda kwa familia ya kifalme, na mwaka 1945 likakabidhiwa kwa jiji. Wananchi wa kawaida waliingia kwa mara ya kwanza mwaka 1946.

Historia hiyo nimeikimbiza makusudi, kwa sababu cha kuangalia pale ni maji. Bwawa kubwa, linaloitwa Shioiri, linapokea maji ya chumvi kutoka ghubani kupitia malango yanayofunguliwa na kufungwa kwa kufuata kupwa na kujaa. Ndilo bwawa la pekee la aina hiyo lililobaki katika bustani za kale za Tokyo. Waliolibuni walitaka sura ya bustani ibadilike bila mtu kugusa kitu: maji yakiwa juu kingo zinaonekana fupi na visiwa vimezama kidogo, yakishuka, mawe yanatoa miguu yao, na bwawa lote linakuwa na uso mwingine.

Nilikuwa nikiyajua hayo kwa kuyasoma. Aliyenionyesha ni mama mzazi wa rafiki yangu, mzee wa Tanga aliyekuja kumwona mwanawe. Nilimsalimia shikamoo pale stesheni ya Shiodome, akanijibu marahaba mwanangu, na njia nzima alikuwa akiniuliza bei ya mchele. Tulipofika ukingoni mwa bwawa akanyamaza. Akainama kidogo.

“Hapa maji yanapwa,” akasema.

“Ndiyo mama. Bwawa hili limeunganishwa na bahari, kuna malango—”

“Sijakuuliza, mwanangu. Nimeona.”

Akanionyesha kwa kidole. Kwenye ukuta wa mawe kulikuwa na mstari mweusi wa unyevu, upana wa kiganja, na chini ya mstari vile vigamba vidogo vikali vinavyoganda kwenye mawe na kwenye matumbo ya ngalawa, vile vinavyokuchana mguu ukiteleza. Kaa mmoja mwekundu alikuwa akipanda kuelekea kwenye ufa. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi na sikuwahi kuviona. Baadaye samaki akaruka katikati ya bwawa, akaanguka kwa ubavu, pwaa. “Mkizi huyo,” mama akasema, na ni kweli, ni mkizi, ambaye kwa Kijapani anaitwa bora. Jina hilo lilimfurahisha mpaka tunatoka getini.

Kwa hiyo ukienda, nenda kwa saa za maji. Ratiba za kupwa na kujaa kwa Ghuba ya Tokyo zinapatikana kwenye simu. Usitegemee tofauti kubwa kama ya Mombasa au Dar es Salaam. Huku ni ndogo, na siku za maji mafu unaweza usione chochote. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu au mwandamo, ndizo zenyewe. Fika maji yakiwa yameanza kushuka, zunguka bwawa, kisha rudi ulipoanzia.

Katikati ya bwawa, juu ya kisiwa, kuna nyumba ya chai inayofikiwa kwa daraja refu la mbao. Ilijengwa mwaka 1707. Hii ya sasa ilijengwa upya mwaka 1983. Mwaka 1879 mfalme Meiji alikutana hapo na Ulysses S. Grant, aliyekuwa rais wa Marekani. Leo unavua viatu, unakaa kwenye mkeka, unaletewa matcha, chai ya kijani ya unga, na kitamu kimoja. Kitamu huliwa kwanza, chai hunywewa baadaye, na aliyezoea kahawa chungu na kashata hatahitaji kuelezwa sababu. Bakuli ni pana na zito, linashikwa kwa mikono miwili, na ukilinyanyua unajikuta unayatazama maji juu ya ukingo wake.

Sehemu ambayo wageni huiruka, nami huwavuta waende, ni mitego ya bata. Ipo miwili, wa mwaka 1778 na wa mwaka 1791. Ni mabwawa yaliyofichwa ndani ya vichaka, yenye mifereji myembamba inayotoka pembeni. Mwindaji alijificha nyuma ya kingo la udongo, akichungulia kwenye tundu. Bata waliofugwa walifundishwa kufuata mlio wa ubao unaogongwa, wakaingia mferejini kula nafaka, na bata pori wakawafuata. Hapo ndipo nyavu na vipanga vilipofanya kazi. Chungulia kwenye tundu lile mwenyewe. Utaliona bwawa lote, na bata hawakuoni. Mwaka 1935 liliwekwa kaburi la ishara la kuwatuliza bata wote waliouawa pale, na jiwe lake bado lipo.

Na kama una mtoto, mwambie kwamba tembo aliwahi kuishi hapa. Aliletwa kwa meli kutoka Vietnam mwaka 1728, akashushwa Nagasaki, akatembea kwa miguu mpaka Edo, yaani Tokyo ya leo, alikofika mwaka 1729, akafugwa kwenye bustani hii kwa zaidi ya miaka kumi. Watoto wa kwetu, waliozoea kuambiwa kwamba tembo ni wao, husimama hapo wakitafuta nyayo.

Kasoro zake nazo zipo. Maghorofa ya Shiodome yamesimama nyuma ya misonobari kama ukuta wa kioo, na wapo wanaoona yameiharibu bustani. Zamani nami nilisema hivyo. Siku hizi, alasiri za baridi vioo vile vinaporudisha jua juu ya bwawa, sisemi tena. Joto ndilo kasoro kubwa zaidi. Bustani ni tambarare na sehemu zake pana hazina kivuli. Niliwahi kumpeleka mgeni saa sita mchana mwezi wa Agosti, tukakaa chini ya mti mmoja nusu saa tukinywa maji, kisha tukaondoka. Kosa lilikuwa langu, na namwomba radhi mpaka leo.

Rikugien: bahari ya kuambiwa

Mwaka 1695 shogun wa tano, Tsunayoshi, alimpa kiwanja Komagome mtu wake wa karibu, Yanagisawa Yoshiyasu. Kiwanja kilikuwa tambarare na mbali na maji ya chumvi. Yoshiyasu alitumia miaka saba kuchimba bwawa na kuinua vilima kwa udongo uliochimbwa, mpaka mwaka 1702. Hakuwa akijenga mandhari tu. Alikuwa msomi wa mashairi, na jina Rikugien lenyewe lina maana ya bustani ya misingi sita ya ushairi.

Alichagua mahali 88 ndani ya bustani, kila mahali akapapa jina kutoka kwenye mashairi ya kale ya Wajapani, na hasa kutoka Waka-no-ura, ghuba iliyopo Wakayama, mbali kabisa kusini-magharibi, ambayo washairi walikuwa wakiiimba tangu karne ya 8. Nguzo fupi za mawe zilizochongwa majina hayo zimebaki 32. Zinafika gotini, nyingine zina kuvu, na mtu mwenye haraka anazipita akidhani ni mawe ya mipaka ya viwanja.

Simama kwenye ile iliyoandikwa Deshio-no-minato, yaani bandari ya maji yanayojaa. Mbele yako kuna bwawa la maji baridi, limetulia tuli, wala halijawahi kupwa. Lakini lipo shairi la kale lisemalo kwamba maji yanapojaa Waka-no-ura, mchanga wa kutembelea unatoweka, na korongo wanaruka wakilia kuelekea kwenye matete. Aliyelijua shairi hilo alifika hapa, akasoma nguzo, na maji yakaanza kupanda. Hakuhitaji lango.

Naamini sisi tuna bahati kuliko wageni wengine mahali hapa. Tumekua na mashairi magazetini, tunajua mshairi wa Lamu anaweza kujibiwa na wa Tanga, na beti zikaendelea kuvutana muda mrefu. Shairi la Kijapani la aina ya waka lina mizani 31 tu, zimegawanywa 5, 7, 5, 7 na 7, bila vina. Anayehesabu mizani 16 kila mshororo ataliona ni kama limekatika kabla halijaanza. Lakini kujibizana anakujua. Rikugien ni jibu kwa mshairi aliyetangulia kwa miaka karibu elfu moja, ila jibu limeandikwa kwa udongo, maji na misonobari.

Usidhani kwamba bila mashairi hakuna cha kuona. Ukiingia tu kuna mcheri mkubwa wa matawi yanayoning’inia, urefu wake kama mita 15, na wiki ya mwisho ya Machi unageuka maporomoko ya rangi ya waridi. Nyakati hizo, na tena majani yanapogeuka mekundu mwishoni mwa Novemba, huwa kuna usiku wa taa, na foleni huzunguka uzio. Daraja la Togetsukyo ni mabamba mawili tu makubwa ya mawe yaliyolazwa juu ya maji, bila mkono wa kushika, na kila anayevuka hupunguza mwendo bila kuambiwa. Kilima cha Fujishiro kinapandwa kwa dakika mbili, na juu yake unaliona bwawa lote na visiwa vyake kwa mara ya kwanza, baada ya kuwa umeonyeshwa vipande vipande.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kibanda kidogo cha chai kiitwacho Tsutsuji-chaya. Kilijengwa enzi ya Meiji kwa mbao za mti wa azalea, ambao kwa kawaida ni kichaka cha maua na si mti wa kutoa nguzo. Fundi alichukua vigogo vilivyopinda akaviacha na mipindo yake, akatafuta kimoja kinachoegemea kingine, mpaka paa likakaa. Pitisha macho kwenye maungio, pale kigogo kilipochongwa kufuata mgongo wa kingine. Sehemu kubwa ya Tokyo iliungua kwa mabomu mwaka 1945, na kibanda hiki kikabaki.

Bustani ilikuja kumilikiwa na Iwasaki Yataro, mwanzilishi wa Mitsubishi, jina ambalo Tanzania tunalijua kwa malori ya Fuso. Ukoo wake uliikabidhi kwa jiji mwaka 1938. Mitaa inayoizunguka, zamani kijiji cha Somei, ilikuwa ya watunza bustani, na ndiko ulikotoka mcheri wa Somei-yoshino unaoonekana leo karibu kila shule na kila ukingo wa mto Japani.

Zikikaa ana kwa ana

Kwa mzee au mwenye magoti mabovu, Hamarikyu inashinda bila ubishi: njia pana, tambarare, mabenchi mengi. Rikugien ina mawe na vipandio, japo njia kuu ya kuzunguka bwawa haisumbui, na kilima unaweza kukiacha.

Mvua ikinyesha, mambo yanageuka. Hamarikyu upepo wa baharini unakupindulia mwavuli. Rikugien miti ni mingi, na mvua inaisafisha kuvu mpaka inang’aa. Siku bora kuliko zote nilizowahi kuwa Rikugien ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Juni, mvua ya manyunyu, nikiwa karibu peke yangu.

Kwa misimu, Februari na Machi Hamarikyu ina shamba zima la maua ya manjano ya nanohana, yenye harufu inayokufikia kabla hujaliona. Aprili, azalea zinapochanua, Rikugien haina mpinzani. Kwa majani mekundu pia ni Rikugien, ila ukubali msongamano. Desemba mpaka Februari, msimu ambao wageni wengi huuogopa, mimi naupenda katika zote mbili: anga ni kavu na safi, misonobari imefungwa mikanda ya nyasi kavu kiunoni, na mingine imetundikiwa kamba kutoka kwenye mlingoti mmoja kama mwavuli usio na kitambaa, ili theluji isivunje matawi.

Muda: Rikugien inatosheka kwa saa moja na nusu. Hamarikyu inataka saa mbili, pamoja na chai. Kutoka stesheni ya Komagome mpaka lango la Rikugien ni mwendo wa dakika saba hivi, sawa na kutoka Shiodome mpaka Hamarikyu. Hamarikyu ina nyongeza moja: ndani yake kuna gati ya mashua za abiria za mto Sumida, kwa hiyo unaweza kuiunganisha na safari ya mtoni mpaka Asakusa. Hakikisha ratiba ya siku hiyo kwanza.

Utulivu? Hapa lazima niseme kweli. Hamarikyu husikika magari na ndege, lakini ni pana kiasi kwamba utapata pembe yako. Rikugien imezungukwa na nyumba za watu, iko kimya zaidi, lakini njia zake ni nyembamba, na kundi moja la watalii linatosha kuujaza ukimya wote. Ingia saa tatu kamili mlango unapofunguliwa.

Wanaofaa kwenda kwingine

Ukiwa mwalimu, au umetoka familia ya wakulima, fikiria Koishikawa Korakuen. Ilianzishwa mwaka 1629 na Tokugawa Yorifusa wa Mito, ikakamilishwa na mwanawe Mitsukuni akisaidiwa na Zhu Shunsui, msomi aliyekimbia kutoka China. Jina lake linatokana na msemo wa Kichina kwamba kiongozi huhangaika kabla ya watu wake na hufurahi baada yao. Ndani yake kuna shamba halisi la mpunga, alilolilima Mitsukuni ili mke wa mrithi wake aone taabu ya mkulima. Leo wanafunzi wa shule za jirani hupanda na kuvuna hapo. Lipo pia daraja la mawe la nusu duara ambalo, likiungana na kivuli chake majini, huwa mwezi mpevu. Ubaya ni kwamba uwanja wa michezo wa Tokyo Dome uko ubavuni, na mayowe ya watu kwenye treni za kubembea hukufikia ukiwa umeinamia mpunga.

Mwenye saa moja tu aende Kiyosumi, yeni 150. Ukoo wa huyuhuyu Iwasaki ulisafirisha mawe kutoka pande zote za Japani kwa meli za kampuni yao, na ukingo wa bwawa umepangwa mawe makubwa unayoyarukia juu ya maji yenyewe, kobe wa majini na samaki wakikufuata chini. Tetemeko na moto wa mwaka 1923 vilipoteketeza mtaa, watu wengi waliokimbilia bustani hiyo walinusurika.

Shinjuku Gyoen, ambayo kila mtu atakutajia, ni nzuri kwa kutandika mkeka wakati wa maua. Lakini imechanganya mtindo wa Kiingereza, wa Kifaransa na wa Kijapani, na kwa nusu siku ya kuijua bustani ya Kijapani siiweki kwenye mizani hii.

Ukipata siku nzima

Basi usichague. Anza Hamarikyu asubuhi, kunywa chai kisiwani, tembea mpaka Shimbashi, panda treni ya Yamanote, na baada ya kama nusu saa shuka Komagome. Mpangilio huu una sababu: ukishayaona maji yenyewe yakishuka, nguzo za Rikugien zinasomeka.

Ndivyo tulivyofanya na yule mama wa Tanga. Tulifika Rikugien alasiri, miguu imechoka, jua limeanza kulala juu ya misonobari. Pale Deshio-no-minato nilimtafsiria lile shairi papo hapo, kwa maneno ya kuokoteza: maji yanajaa, mchanga umekwisha, ndege wanakwenda kwenye matete wakilia. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaweka mkoba wake chini, akaketi kwenye benchi akiyatazama maji yaliyotulia.

“Haya, yamejaa,” akasema. “Tusubiri yapwe.”

Tukakaa mpaka wakatangaza kwamba wanafunga.